Nyuki wananing'inia nje ya mzinga kila jioni, wanataka kuhama? Naomba ushauri (Tabora)

Mgeni wa Mizinga (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Niko Tabora mjini, Ipuli, na hii ndiyo mara yangu ya kwanza kufuga nyuki. Tarehe 10 mwezi wa tisa kundi liliingia lenyewe kwenye mzinga wa sanduku wa viunzi vya juu, vile vijiti vya mbao vinavyopangwa juu na nyuki wananing'iniza masega yao hapo. Nilikuwa nimeupaka nta ndani na kuutundika kwenye mwembe nyuma ya nyumba. Siku ile nilikaa chini ya mti mpaka giza likaingia. Tangu hapo kila nikirudi kazini naanzia kwao kabla ya kula.

Leo ni tarehe 16 mwezi wa kumi na nina hofu. Ikifika jioni nyuki wanatoka, wanajazana chini ya mlango na kuning'inia kama ndevu, wengine wanalala hapo hapo. Halafu alasiri, kama saa tisa, kuna wengi wanaruka mbele ya mlango huku wameutazama mzinga. Wanapanda, wanashuka, wanapanua mzunguko, sauti inakuwa kubwa, na baada ya robo saa kimya. Nikiwaona hivyo nahisi wanaaga. Tena jana asubuhi nimeokota chini vitu vyeupe kama kumi hivi. Nimekiweka kimoja kiganjani: ni nyuki kabisa, ana miguu, ana macho yenye rangi ya waridi, ila mwili mweupe kama maziwa na hana mabawa.

Mzinga nimeufungua mara tatu ndani ya wiki mbili kumtafuta malkia, sikumwona. Mara ya mwisho ilikuwa Jumapili saa saba mchana, na sega moja lilikatika mkononi. Nifungue tena? Naomba kuwasilisha.

Mrina wa Sikonge

Mkuu tulia, na mzinga usiuguse.

Nianze na hao wa alasiri maana hiyo ni habari njema. Hesabu na mimi. Yai hukaa siku 3, buu hulishwa siku kama 5 au 6, kisha chumba kinafunikwa kwa nta. Kwa nyuki wetu, tangu yai litagwe mpaka kibarua, yaani nyuki mfanyakazi, atoboe kifuniko ni kama siku 20. Akishatoka anabaki ndani, anasafisha vyumba na kulisha wadogo zake, ndipo siku moja anachungulia nje kujifunza nyumbani kwao. Kundi lako liliingia tarehe 10, likajenga masega kwanza. Jumlisha, utafika wiki hii hii. Hao ni watoto wa kwanza kuzaliwa kwenye mzinga wako. Wanageuka kuutazama mlango ili wakariri alama: mti, ukuta, bati la jirani. Kundi linalohama hutoka kama maji yaliyopasua tuta, linakwenda mbele na halirudi baada ya robo saa.

Sasa hivyo vyeupe. Ni majana, yaani watoto wa nyuki ambao hawajaiva. Sega lilipokatika, nyuki wenyewe wakawatoa nje waliokufa. Hebu niambie, ulilishikaje lile sega?

Mgeni wa Mizinga

Nililigeuza ubavu ili nione ndani ya vyumba vizuri. Likainama, likakatika pale linaposhikana na kiunzi.

Mrina wa Sikonge

Ndiyo hapo. Sega la kiunzi cha juu limeshikwa sehemu moja tu, halina mbao pembeni wala waya katikati. Likiwa jipya, na mchana wa Oktoba, nta ni laini kama siagi. Linatakiwa lining'inie wima muda wote. Ukitaka kuona upande wa pili, zungusha kiunzi huku sega likiwa limesimama, usililaze kamwe. Na saa saba mchana hakufunguliwi mzinga, ndugu yangu. Subiri jua liinamie, uwe na bomba la moshi na mavazi kamili.

Malkia huna haja ya kumwona. Kaa pembeni ya mzinga, usikae mbele ya mlango maana hapo ni njia yao. Vaa nguo nyeupe au nyepesi, usijipake manukato. Saa mbili asubuhi hesabu kwa dakika moja nyuki wanaoingia na chavua miguuni, zile donge mbili za njano au za rangi ya chungwa. Chavua ndiyo chakula cha majana. Ikiingia kwa wingi, ujue kuna wadogo wanaolishwa, na malkia yupo anataga.

Fundi Mizinga

Mimi niongezee kwenye hizo ndevu. Oktoba ya Tabora tunaijua wote. Nyuki wanataka joto la nyuzi 34 au 35 pale penye majana, likizidi watoto wanakufa. Kwa hiyo wanafanya mambo matatu: wengine wanatoka ili kupunguza msongamano, wengine wanasimama mlangoni wakipepea mabawa, na wengine wanaleta maji ya kupoza ndani. Angalia mlangoni jioni, utawaona waliosimama bila kusogea, wameinamisha kichwa, mabawa hata huyaoni kwa kasi.

Weka nyasi za kuezekea juu ya bati la mzinga. Weka beseni la maji na mawe ndani yake wapate pa kutua, vinginevyo watahamia kwenye bomba la jirani. Na zile waya za kutundikia zipake grisi. Mzinga ukisumbuliwa na siafu, nyuki wanaweza kuuhama ndani ya usiku mmoja.

Mama Wawili, Cheyo

Samahani jamani, mnazungumza vizuri lakini hamjauliza la kwanza. Hao ni nyuki wakubwa, siyo wale wadogo wasiouma. Mzinga uko nyuma ya nyumba mjini. Kuna watoto? Kuna mifugo imefungwa?

Mwiba mmoja ukichoma unaacha harufu, inafanana na ndizi mbivu, na hiyo ndiyo inawaita wenzake. Mbuzi aliyefungwa kamba hana pa kukimbilia. Nimeona kwa macho yangu mbuzi wawili wa shangazi yangu wakifa hivyo, na bado siku ile inaniuma. Kijana, wapende nyuki wako, ila wapeleke shambani.

Mgeni wa Mizinga

Mama asante, umenigusa. Jirani ana watoto watatu na mbuzi wake wanafungwa hatua kama thelathini kutoka kwenye mwembe. Sikulipima hilo. Nina eneo la familia Uyui, kuna miti ya miyombo na mininga.

Mrina wa Sikonge

Mama amesema kweli, sikupingi. Hamisha, ila ngoja wiki mbili masega yashike vizuri. Kwa sasa mwombe jirani ahamishe kamba ya mbuzi. Na wakati unasubiri, dalili ya kuhama ni hii: chavua inakoma, pilika za mchana zinapungua siku hadi siku, mzinga unakuwa mwepesi kwa sababu wanakula akiba kabla ya safari.

Mgeni wa Mizinga

Mrejesho, tarehe 27. Sijafungua tena. Nilipoanza kuhesabu asubuhi walikuwa 9 kwa dakika wenye chavua, leo ni 22, nyingi ya njano iliyoiva. Baada ya kuweka nyasi, ndevu zimepungua zikabaki kama ngumi mbili. Vyeupe havijaonekana tena. Mbuzi wamehamishwa na nimemweleza jirani kila kitu.

Nahamisha Jumamosi ya tarehe 31 usiku, ni zaidi ya kilomita 20. Mlango niuzibe kwa nyasi au matambara?

Fundi Mizinga

Vyote hapana, watakosa hewa na joto litayeyusha masega. Tumia wavu wa madirishani, upigilie misumari midogo, giza likishaingia na wote wamerudi. Umbali huo unafaa. Ungekuwa chini ya kilomita tatu wangerudi kwenye mwembe wako kutafuta nyumba.

Ndani ya gari masega yaelekee gari linakokwenda, yasikingame, la sivyo breki ya kwanza tu yatagongana. Mwambie dereva aende polepole kwenye makorongo. Ukifika tundika kwanza, kisha toa wavu na uondoke kwa kupitia nyuma ya mzinga.