Ulinganisho: lenzi ya kila siku ya Canon 1300D, 18-55 imekufa. Nirudie ileile, nichukue 18-135 au Sigma 17-50 f/2.8?

Binti_Chumbageni
Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Lenzi yangu ya 18-55 iliyokuja na kamera imenifia (hizo namba ni milimita, ndogo inaona pana, kubwa inavuta karibu). Jumapili tulienda Tongoni, hapa kwetu Tanga, na ndugu zangu waliotoka Moshi walikuwa wanataka kuona magofu, tumemaliza kwenye makaburi nashuka upande wa baharini mkanda ukaachia, kamera ikatua lenzi kwanza kwenye mawe na mchanga. Bodi, yaani kamera yenyewe, nashukuru Mungu nzima kabisa ila lenzi ringi ya zumu haizunguki, ukilazimisha unasikia mchanga unasaga, na fokasi inatoa mlio tu haishiki kitu.

Sa mi kamera hii ndo inanilipia ada. Napiga nikah, sendoff, maulidi, mara mojamoja watoto wa shule wakihitimu. Bajeti laki sita, nikijikamua sana saba. Nimeangalia angalia nimebaki na tatu, kuna 18-55 nyingine ya mtumba ambayo ni rahisi na naijua, kuna Canon 18-135 STM (ile yenye mota ya fokasi isiyo na kelele) ya mtumba kuna mtu Dar anaiuza laki nne na nusu, na kuna Sigma 17-50 f/2.8 mtumba pia anataka laki tano na themanini. Moja tu ya kukaa kwenye kamera siku zote, siwezi kuwa nabadilisha lenzi katikati ya harusi. Nisaidieni jamani nina nikah tarehe 20.

Mpicha_Makorora
Pole sana dada, hiyo sauti ya mchanga naijua inauma moyo. Chukua Sigma usizunguke. Nakwambia kwa nini, hiyo 18-55 ukizumu mpaka mwisho apacha, yaani tundu la kupitisha mwanga, inakuwa f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo tundu ni kubwa), Sigma inakaa f/2.8 kuanzia 17 mpaka 50. Kutoka 5.6 kuja 2.8 ni stopu mbili, kila stopu mwanga unazidi mara mbili, yaani mwanga mara nne. Ukumbini saa tatu usiku taa zile za rangi rangi, ISO (wepesi wa kamera kuona mwanga) umeshaweka 1600, shata (muda wa kupiga picha) inakwambia 1/15 ya sekunde, hapo bi harusi akigeuza shingo tu umemkosa. Kwa f/2.8 ISO ileile unapata 1/60, na hapo mtu aliyetulia anatoka vizuri. Ukipandisha ISO badala yake 1300D inaanza chenga za picha, 3200 uso wa mtu unaonekana kama umemwagiwa unga.

Na mtu asikudanganye kwamba stebilaiza itakuokoa. Stebilaiza inatuliza mkono wako, haimtulizi anayecheza. Hili nalirudia kila siku maana watu wananunua lenzi kwa kuona IS, alama ya stebilaiza ya Canon, imeandikwa pale wanadhani wamemaliza.

Pwani_Tuaz
Mi nipo tofauti kidogo na kaka wa Makorora. Nazungusha wageni Amboni, Toten na Pangani, nina 18-135 mwaka wa tatu sasa na sijawahi kuitoa kwenye kamera. Ukiwa kwenye boti jahazi linapita mbali kule unazumu tu, 18-55 ungeishia kupata kidoti. Na uzito wake gramu 480 hivi, inalingana na bodi yako. Sigma ni 565, lenzi inakuwa nzito kuliko kamera yenyewe, ukiivaa shingoni kutwa nzima utaniambia. Ila ndani ya mapango Amboni nakiri inanishinda, mle natumia tochi za wageni au naweka kamera juu ya jiwe.

Mzee_wa_Raskazone
Marahaba mwanangu, pole kwa hasara.

Kabla hujasikiliza Sigma wala 18-135 fanya kitu kimoja. Washa kompyuta fungua picha zako za harusi tatu nne za mwisho, zile ulizompa mteja siyo zote. Kila picha imeandikwa ndani yake ilipigwa kwa milimita ngapi, ISO ngapi, shata ngapi. Zihesabu. Kama nyingi umezipiga 55 na ulikuwa unatamani kusogea zaidi, unahitaji lenzi ndefu. Kama nyingi zipo 18 na ulikuwa umeegemea ukuta, lenzi ndefu haikusaidii chochote unahitaji pana. Na kama ISO zote zipo juu basi tatizo lako ni mwanga. Picha zako zinajua kazi yako kuliko sisi tunaoandika hapa.

Halafu kuna moja hukuitaja, Canon 15-85. Kwenye kamera zenu hizi za sensa ndogo unazidisha mara 1.6 ukilinganisha na zile za sensa kubwa, kwa hiyo 18 inakuwa kama 29 na 15 inakuwa kama 24. Kwenye karatasi ni tofauti ya milimita tatu, ila ndani ya sebule ya Ngamiani ambako ndoa inafungwa watu arobaini wamekaa chini kwenye mikeka, hizo tatu zinakuingizia sheikh, bwana harusi na shahidi wake kwenye picha moja bila wewe kutoka mlangoni. Apacha yake lakini ni ileile 3.5 mpaka 5.6.

Mpicha_Makorora
Mzee shikamoo. Hilo la sebule kweli kabisa, ndo maana nawaambia vijana 50mm f/1.8 ni lenzi tamu na bei yake ndogo lakini kwenye kropu, hizi za sensa ndogo, inakuwa kama 80, nikah nyumbani utapiga pua za watu tu.

Kaole_Stoo
Nawasalimu kutoka Bagamoyo. Mimi ningenunua 18-55 ya mtumba, hiyo laki moja na ushee, hela iliyobaki nikanunua flashi ya juu inayogeuka kichwa. Flashi ukiipiga kwenye dari nyeupe mwanga unashuka laini, f/5.6 inatosha, ISO 800, picha safi kuliko f/2.8 bila flashi. Watu wanakimbilia lenzi wakati shida ni taa. Na hakikisha umechukua ile iliyoandikwa IS, maana kamera hizi ziliuzwa pia na 18-55 III ambayo haina stebilaiza kabisa, kwa mbali zinafanana mno. Ukipata ile ya STM ndo bora zaidi, kioo cha mbele hakizunguki ikitafuta fokasi kwa hiyo filta ya polaraiza, ya kukata mng'ao, inakaa ulivyoiweka, kwenye IS II inazunguka nayo unabaki unarekebisha kila picha.

Mpicha_Makorora
Kaka wa Bagamoyo hoja ya flashi nakubali nusu. Ukumbini wenye dari sawa. Huku kwetu shughuli nyingi za usiku zipo chini ya hema au uwanjani wazi kabisa, hema lenyewe la bluu na njano, ukipiga flashi juu bi harusi anatoka kama ana homa ya manjano. Na kwenye nikah kuna nyumba ukiwasha flashi wakati khutba inasomwa mzee mmoja anakugeukia na wewe unajua umeshaharibu. Lenzi yenye f/2.8 haisumbui mtu. Flashi atanunua baadaye, na itafanya kazi na lenzi yoyote.

Fundi_Barabara_ya_12
Dada kwanza usiendelee kuizungusha hiyo lenzi hata kwa kujaribu, kila ukizungusha mchanga unaingia kwenye njia za zumu na kukwangua. Inafunguka na kusafishwa, ila ulivyoeleza fokasi inalia haishiki mara nyingi ni meno ya gia ya plastiki yamevunjika, na kwa lenzi hii matengenezo yanakaribia bei ya kununua nyingine ya mtumba. Ningekuwa wewe nisingeweka hela hapo. Iweke tu, nitaichukua kwa ajili ya spea.

La pili ni fangasi, na hili nawaomba watu wa Tanga wote mnisikie maana naletewa lenzi kila wiki. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, lenzi ukiifungia kabatini ndani ya begi lake miezi miwili mitatu unakuta utando kama wa buibui ndani ya vioo. Ukiwahi unafutika, ukichelewa unakula ile rangi ya juu ya kioo na hapo hata mimi sina la kufanya. Nunua kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, lile la kuwekea unga, weka ndani silika jeli ya bluu. Ikigeuka ya pinki imeshiba maji, ikaushe kwenye ovena moto mdogo irudi bluu uendelee. Usiweke mchele, una vumbi. Na ukitoka baharini usikimbilie kufuta na kitambaa, puliza kwanza na pampu ya mpira mchanga utoke ndo ufute.

Sasa kwa mtumba. Lenzi ya laki tano unayoinunua unaweza kuwa unanunua fangasi ya mtu mwingine. Nenda na tochi, ya simu inatosha, toa vifuniko vyote viwili, mulika kwa nyuma uangalie kwa mbele ukiipinda pinda. Vumbi kidogo halina neno, lenzi zote zina vumbi. Utando ukiuona ondoka hata akikupunguzia nusu, usiilete kukaa na vifaa vyako vingine.

Pwani_Tuaz
Fundi hilo la kontena nimelichukua, nalifanyia kazi leo leo, asante.
Dada video huwa unapiga? Maana 18-135 STM fokasi yake kimya.

Mzee_wa_Raskazone
Kwa 1300D asiilipie lenzi kwa sababu ya video. Kamera hiyo ikiwa inarekodi haifuatilii fokasi yenyewe, na haina hata tundu la maiki. Ukimya wa mota utaufaidi siku akibadilisha bodi. Ila kwa kuwa umegusa bodi, niseme hili pia, lenzi hizi zote siku akihamia mirolesi za Canon, zile kamera zisizo na kioo ndani, zitaingia kwa adapta, kwa hiyo hela haipotei.

Binti_Chumbageni
Nimerudi wazee wangu. Nimekaa jana usiku na umeme ulivyorudi nimehesabu kama Mzee alivyosema, harusi nne. Kiukweli nilikuwa nategemea nikute nyingi ni za kuzumu, maana kichwani najiona nazumu kila saa. Siyo hivyo. Nyingi sana zipo 18, 20, 24, halafu fungu la pili lipo kati ya 40 na 55 ambazo ni sura za maharusi na mama zao. Zile za 55 nilizotamani kusogea zaidi nimepata chache mno, na zote ni za siku ya mahafali uwanja wa shule. ISO ndo iliyonishtua, kuanzia maghrib zote 1600 kwenda juu, na nilizozitupa nilikuwa nafikiri nilizitupa kwa sababu watu wamefumba macho kumbe nyingi zimetikisika, 1/13, 1/20.

Kwa hiyo 18-135 nimeiacha. Pwani_Tuaz nisamehe, siku nikipata kazi za wageni nitakuja kwako. Nabaki kati ya Sigma na wazo la Kaole la flashi. Naielewa sana hoja yake ila nikah ya tarehe 20 ni nyumbani Mabawa, sebule ndogo, na mama wa bibi harusi ameshaniambia hataki mataa taa.

Kaole_Stoo
Kwa maelezo hayo chukua Sigma, narudisha maneno yangu. 1/13 kwa mtu anayetembea lazima itikisike, na mama wa bibi harusi flashi hataki.

Mzee_wa_Raskazone
Safi. Sasa Sigma nilivyoizoea: ukiwa f/2.8 pembe za picha zinalegea kidogo, katikati kukali, kwa sura ya mtu haidhuru ila picha ya kundi la ukoo mzima usiipige 2.8, nenda 5.6 au zaidi, si kwa pembe tu bali mstari wa mbele na wa nyuma wote wapate fokasi. Vijana wananunua lenzi ya 2.8 wanaiacha 2.8 mchana kweupe, mashangazi wa nyuma wote ukungu.

Ukiijaribu huko Dar bandika gazeti ukutani, simama nalo sambamba kabisa, piga 17, piga 35, piga 50, zote kwa 2.8, halafu vuta picha kwenye skrini uangalie pembe nne. Zote zikilegea sawasawa ni kawaida. Moja ikilegea peke yake vioo vimehama, huenda iliwahi kuanguka hiyo. Na uhakikishe maunti, ile sehemu inayoingia kwenye kamera, ni ya Canon, Sigma hiyo ilitengenezwa pia kwa Nikon na kamera nyingine, nimeona mtu amerudi nayo mpaka Tanga ndo anagundua haiingii.

Binti_Chumbageni
Mrejesho. Nilipanda basi la asubuhi jana. Yule wa laki tano na themanini nilipomulika tochi nikaona utando pembeni, anasema ni vumbi, nikamshukuru nikaondoka, Fundi Mungu akubariki. Nikazunguka Kariakoo mpaka saa nane nikapata nyingine laki sita na ishirini, gazeti nimepiga mbele ya muuzaji, pembe zote sawa, zumu inabana vizuri na kitufe cha kuifunga kinafanya kazi.

Jana usiku nimemjaribia mdogo wangu anasoma sebuleni kwa balbu moja. 1/60, ISO 1600, kope zinahesabika. Ni nzito kweli, mkanda mpya nimeshauweka, mpana. Na kontena la unga nimelipata Mgandini.

Filta zangu mbili za milimita 58, UV moja na polaraiza moja, zote nzima, hazina kazi tena maana mdomo wa lenzi hii unataka 77. Mwenye 18-55 aliye Tanga aje achukue, sitaki hela. Lenzi mbovu nampelekea Fundi kesho nikitoka msibani Makorora.