Naombeni ushauri, mama anasafiri kwenda Dubai na dawa za maumivu

Wakuu habari zenu. Mama anaenda Dubai mwezi ujao kumsalimia dada, sasa tangu afanyiwe opresheni ya mgongo anatumia tramadol, na kule hiyo ni dawa inayodhibitiwa kama kodeini, ukikutwa nayo bila kibali unaweza kuwekwa ndani kabisa. Najua kibali kinaombwa mtandaoni kwa mamlaka ya kule kabla ya safari. Aliyewahi kuomba anisaidie, cheti cha daktari kilichoandikwa kwa mkono wanakipokea? Maana cha mama hata jina la dawa halisomeki vizuri, muhuri ndo unaonekana. Halafu kuna jirani kaleta kifurushi kimeshonwa kote eti ampelekee mwanae, mama anaona aibu kukataa. Mimi moyo unanidunda jamani, huyu jirani nimwambieje?