Je, nishati ya giza ipo, au kanuni ya mvutano ndiyo yenye kasoro?

Mleta mada:
Ndugu wanajukwaa, mwaka 1998 makundi mawili ya wanaastronomia waliokuwa wakipima supanova (nyota zinazolipuka) za mbali yaligundua kwamba upanukaji wa ulimwengu unazidi kushika kasi, ilhali ilitarajiwa kwamba mvutano ungeupunguza. Maelezo yaliyozoeleka ni kuwa ipo nishati ya giza, yaani nishati isiyoonekana inayodhaniwa kuharakisha upanukaji huo, nayo ni takribani asilimia 68 ya vyote vilivyomo ulimwenguni. Kwa nini tusiirekebishe nadharia ya Einstein ya mvutano ya mwaka 1915, badala ya kuziba pengo kwa kitu ambacho hakuna aliyekinasa?

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu, njia hiyo imefuatwa, tena na wengi, wala historia haiipingi. Mwanaastronomia Mfaransa Le Verrier alipoona Uranusi inakengeuka njia yake alikisia kuwepo kwa sayari nyingine, na Neptuni ikaonekana mwaka 1846. Aliporudia hoja ileile kwa Utaridi, sayari aliyoikisia haikupatikana kamwe, na ufumbuzi ukaja Einstein alipobadili kanuni yenyewe ya mvutano.

Kinachozibana nadharia mbadala leo ni vipimo. Tarehe 17 Agosti 2017, vituo vya LIGO na Virgo vilinasa mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya anga yenyewe, yaliyotoka kwa nyota mbili za nyutroni (mabaki yenye msongamano mkubwa mno ya nyota zilizolipuka) zilizogongana katika galaksi ya NGC 4993, umbali wa takribani miaka ya nuru milioni 130. Sekunde 1.7 baadaye darubini ya Fermi ikapokea mionzi ya gama ya mgongano huohuo. Kwa safari ndefu kiasi hicho, pengo la sekunde mbili kasoro lina maana kwamba kasi ya mvutano na ya nuru hazipishani kwa zaidi ya sehemu chache katika kila sehemu milioni bilioni. Nadharia kadhaa zilizobuniwa ili kuikwepa nishati ya giza zilihitaji kasi hizo zitofautiane, na kwa tukio hilo moja zikaanguka.

Mchangiaji wa pili:
Naongeza kwamba pendekezo la mwanafizikia Milgrom la mwaka 1983, ambalo hutajwa sana katika mijadala hii, halijibu swali lililoulizwa. Linabadili mvutano pale mchapuko (kiwango cha kubadilika kwa mwendo) unapokuwa mdogo mno, karibu sehemu moja ya bilioni kumi ya mita kwa sekunde mraba, na linaeleza vizuri mzunguko wa nyota katika galaksi bila maada ya giza, yaani maada isiyoonekana inayodhaniwa kuongeza mvutano humo. Upanukaji ni suala jingine.

Mleta mada:
Nashukuru. Je, ipo nadharia iliyosalimika?

Mchangiaji wa kwanza:
Zipo, hasa zile ziitwazo f(R), zinazorekebisha milinganyo ya Einstein, ambamo mawimbi ya mvutano husafiri kwa kasi ya nuru. Ugumu wake ni kwamba nguvu ya ziada inayoongezwa lazima ijifiche penye maada nyingi, kama hapa karibu na Jua, ambako nadharia ya Einstein imepimwa kwa usahihi mkubwa. Na ikijificha kiasi cha kutosha, haina tena uwezo wa kuharakisha upanukaji peke yake. Hata hivyo ingebadili jinsi galaksi zinavyojikusanya katika makundi, na hilo ni miongoni mwa mambo yanayochunguzwa na darubini ya Euclid, iliyorushwa Julai 2023.