Upinde wa mvua: kwa nini uwe umepinda, na kwa nini ukiufuata haufikiki?

mdadisi_77:
Wakuu habari. Hivi kuna mtu anaweza kunielewesha hii ishu ya upinde wa mvua? Shule tuliambiwa mwanga wa jua ukipita kwenye tone la maji unagawanyika rangi saba, basi, kipindi kimeisha. Sawa, ila matone si yametapakaa angani kote, mbona rangi hazijai mbingu nzima, zinakaa kwenye kamstari kamoja tu tena kamepinda? Halafu siku nyingine inatokea mipinde miwili na ule wa juu rangi zimegeuka, nyekundu iko ndani. Na ukiufuata unasogea tu. Nisaidieni jamani

fundi_lenzi:
Mkuu hapo shule huwa wanaruka penyewe penye utamu. Kila kitu kiko kwenye pembe ya nyuzi 42. Mwale unaingia kwenye tone unapinda, unagonga ukuta wa nyuma unarudi, ukitoka unapinda tena. Sasa kwa vile tone ni la mviringo miale inatoka kwa pembe tofauti tofauti, lakini ukiipigia hesabu mmoja mmoja (Descartes, mwanafalsafa na mwanahisabati Mfaransa, alifanya hiyo kazi, akachapisha 1637) unakuta mingi inarundikana kwenye nyuzi 42 hivi, ukipima kutoka ile njia ya kurudi kwenye jua, na hakuna inayovuka hapo. Nyekundu inarundikana kwenye 42, zambarau kama 40 na nusu, ndo maana nyekundu inakaa nje.

Sasa lipe jua mgongo uangalie kivuli cha kichwa chako kilipo, upande huo ndo katikati ya upinde. Kila tone lililo nyuzi 42 kutoka hapo linakuletea wewe nyekundu, liwe mita tano au kilomita mbili, na pembe ile ile ukiizungusha pande zote unapata duara. Chini ardhi imekatisha tu, wanaopanda ndege wanaweza kuuona mzima. Matone mengine nayo yanatoa rangi kama kawaida, ila zinaenda kwenye macho ya wengine. Yaani hata aliyesimama pembeni yako anaona wa kwake, na wewe ukipiga hatua matone yanayokuletea rangi yanabadilika. Utaufikiaje?

bichwa_kavu:
Safi. Kumbe mwanga wote unagonga nyuma unarudi kama kioo?

salma_fizikia:
@bichwa_kavu hapana, wengi wanakosea hapo. Mwanga mwingi unapenya nyuma unatokea upande wa pili, unaorudi ni kidogo tu. Na huu uliorudi ukigonga mara ya pili ndani ya tone kabla ya kutoka, ndo unapata upinde wa pili, nyuzi 51 hivi, rangi zimegeuka, na umefifia kwa sababu kila ukigonga mwanga mwingine unavuja. Siku ukiiona yote miwili angalia anga ya katikati yake, ni nyeusi kuliko ndani ya upinde wa chini, maana hakuna mwale uliogonga mara moja wala uliogonga mara mbili unaotua hapo.

mdadisi_77:
Aisee! Kwa hiyo ndo maana saa sita mchana sijawahi kuuona?

salma_fizikia:
Ndo hivyo, jua likishapanda zaidi ya nyuzi 42 upinde wote unakuwa chini ya upeo wa macho, ukiwa tambarare huoni kitu labda uwe juu ya mlima. Subiri asubuhi au jioni.

fundi_lenzi:
Au usisubiri mvua, chukua mpira wa maji, lipe jua mgongo, bana mdomo maji yatoke kama ukungu karibu na uso wako. Halafu fumba jicho la kushoto, fumbua, fumba la kulia. Upinde unaruka, kila jicho lina wake 😂

bichwa_kavu:
Naenda kujaribu sasa hivi, wakiniuliza namwaga maji ya nini nawatumia hii thread