Mrejesho: kidirisha cha onyo katika mfumo wetu wa kufuatilia hitilafu

Nilikuwa nimeuliza kwa nini kila aliyefungua taarifa mojawapo ya hitilafu katika mfumo wetu aliona kidirisha cha onyo ambacho hakuna kati yetu aliyekiweka. Nawashukuru walionielekeza kwenye sehemu ya muhtasari: mfumo ulikuwa ukiyachapa maneno ya mtoa taarifa ukurasani bila kugeuza alama zake maalumu ziwe maandishi ya kawaida, hivyo msimbo wa JavaScript (lugha ya programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari) uliohifadhiwa humo uliendeshwa na kivinjari cha kila msomaji, akiwemo msimamizi, kwa mamlaka yake mwenyewe.

Kwanza nilifuta alama za < na >, ambazo kivinjari huzisoma kama mwanzo na mwisho wa amri za ukurasa, wakati wa kupokea taarifa, nikakosea, kwa sababu taarifa za hitilafu mara nyingi hubeba vipande halali vya msimbo, navyo vikaharibika. Sasa maandishi yanahifadhiwa yalivyo, na alama hizo, pamoja na zile za nukuu, hugeuzwa wakati wa kuonyeshwa ili kivinjari kizionyeshe tu bila kuzitekeleza. Viambatisho ndivyo vilivyonitia hofu zaidi, maana faili ya HTML (ukurasa wa wavuti) au SVG (aina ya picha) inaweza kubeba msimbo, nayo ikifunguliwa kutoka kikoa kilekile, yaani anwani ileile ya tovuti yetu, msimbo huo huwa na uwezo uleule wa kutumia mamlaka ya msomaji. Tumevihamishia kikoa cha pekee, kama Bugzilla, programu ya kufuatilia hitilafu, inavyoruhusu. Kidirisha hakijaonekana tena.