Siku 6 Unguja mwezi wa Juni, watoto wawili na bibi: Jambiani au Kendwa?

MamaWawili_Dom

Wadau, shikamooni wenye umri, wengine habari za jioni. Tunapanga kwenda Unguja mwezi wa Juni shule zikifungwa. Watu wazima wawili, watoto wa miaka 6 na 10, na mama mkwe wa miaka 68 ambaye goti moja linamsumbua. Tutalala usiku 6. Tunatoka Dodoma kwa SGR hadi Dar, kisha boti.

Tunataka bahari ambayo watoto wataoga bila sisi kukaa roho juu, wanyama ambao huku hatuna, na maisha ya wenyeji, siyo kushinda hotelini. Mmoja katuambia tuchukue Jambiani siku zote sita. Mwingine kasema Jambiani "maji yanakimbia", twende Kendwa. Nani mkweli? Tarehe hatujafunga, wiki yoyote ya Juni inawezekana. Naomba kuwasilisha.

Pwani_ya_Kusini

Dada, wote wawili wakweli, ila hakuna aliyekwambia habari ya mwezi, na ndiyo kila kitu.

Maji ya Unguja hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, tofauti ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Kendwa ufukwe una mteremko, kwa hiyo mita hizo zikishuka bahari inarudi hatua chache tu. Jambiani, Paje na Bwejuu mbele yako kuna uwanda tambarare hadi kwenye mwamba, na maji yakitoka unabaki na kilomita nzima ya mchanga, majani na madimbwi. Bahari haijakimbia, ni sakafu yake ilivyo.

Maji ya bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na kilele chake ni siku moja au mbili baadaye. Tumia kalenda ya Kiislamu, ukihesabu siku tangu mwezi kuandama: mwezi 1 hadi 3 (siku ya 1 hadi ya 3) na mwezi 15 hadi 18 ni bamvua, mwezi 7 hadi 10 na 22 hadi 25 ni maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Kwa Unguja saa hazibadiliki sana toka bamvua moja hadi nyingine: maji hujaa kama saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, hukauka kama saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku ongeza dakika 50 hivi. Kwa hiyo wiki moja baadaye yamegeuka, yanajaa saa 4 au 5 asubuhi, na hayaendi mbali yanapotoka.

Ukitaka Jambiani ya kuoga tu, nenda maji mafu. Ukitaka Jambiani ya kutembea juu ya sakafu ya bahari asubuhi na kuona kina mama wanavyolima mwani, nenda bamvua, watoto waoge kuanzia saa 9 alasiri. Kwa familia yenu ningechagua la pili: fikeni mwezi 1 au 2, laleni usiku 3 Jambiani, usiku 1 Mji Mkongwe, 2 za mwisho Kendwa ambako hamtahitaji kuuliza saa. Ukigeuza mpangilio, ukaanza Kendwa, bamvua itakuwa imepita ukifika kusini.

Upepo_wa_Kusi

Nakubaliana na hesabu ya maji ila sikubaliani na usiku 3 Jambiani kwa bibi wa miaka 68. Juni ni kusi, upepo wa kusini. Upepo unapiga pwani ya mashariki na kusini-mashariki moja kwa moja, na kuanzia saa 5 au 6 mchana unapanda. Ndiyo maana Paje wakati huo imejaa watu wa tiara za kuteleza juu ya maji. Kwa kijana ni raha. Kwa mzee aliyekaa barazani ni mchanga machoni na shuka inayopepea. Kendwa iko upande wa kaskazini-magharibi, kisiwa chenyewe kinamkinga.

Usiku 2 Jambiani zinatosha. Na mkichukua nyumba, ulizeni ina ua wenye ukuta au uzio wa makuti, na mlango wa kuingilia uko upande gani. Picha za matangazo hupigwa wakati wa maleleji, upepo ukiwa umetulia, hazionyeshi upepo.

Jambo jingine: ukipiga simu kuuliza chumba, sema tangu mwanzo kwamba ni Watanzania na uulize bei ya mkaazi, kwa shilingi. Bei ya mtandaoni kwa dola mara nyingi si hiyo. Uliza pia kama kodi na tozo ya kila usiku zimo ndani ya bei au utazikuta siku ya kuondoka.

MamaWawili_Dom

Asanteni sana, sasa naelewa kwa nini kila mtu alikuwa na jibu lake. Maswali mawili. Kutembea baharini maji yakitoka, watoto hawawezi kuzingirwa na maji? Na boti: mama akipanda basi tu la milimani anatapika.

Pwani_ya_Kusini

Kuzingirwa kunawezekana, na watu huponzwa na kitu kimoja: wanadhani maji yatakuja kutoka mbele, kule kwenye mwamba, hivyo wakiona mwamba bado mkavu wanaendelea. Maji huingia kwanza kwenye mikondo na mabonde ya chini, na baadhi yako nyuma yako, kati yako na ufukwe. Tena hayaingii kwa mwendo mmoja. Katika saa 6 za kujaa, saa ya kwanza unaona kama hakuna kinachotokea, kisha ya tatu na ya nne peke yake zinaleta karibu nusu ya maji yote. Kanuni ya wenyeji ni rahisi: nenda huku maji yanatoka, geuka saa ya kukauka ikifika. Kama maji yanakauka saa 4 na nusu, ondokeni ufukweni saa 3, na saa 4 na nusu nyuso zielekee nyumbani, hata kama mtoto kaona kiti cha pweza (samaki-nyota).

Miguuni vaeni yeboyebo zenye kamba ya kisigino, siyo kandambili. Kandambili inanyonywa na matope, na kwenye madimbwi kuna wale wadudu wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi. Mwiba wake ukiingia hukatika hapo hapo. Usiuchokonoe kwa pini wala usiuminye, utauvunja vipande. Loweka mguu kwenye maji ya moto kiasi cha kuvumilika kwa nusu saa, kisha paka siki mara kadhaa, vipande vidogo huyeyuka vyenyewe. Mguu ukivimba na kuwa mwekundu siku ya pili, nendeni zahanati.

Kuhusu mwani: mtaona vigingi vya miti vimechomekwa kwa safu na kamba zimevutwa kati yake, na kwenye kila kamba vichane vya mwani vimefungwa kwa nafasi ya kama shibiri moja. Zao linakaa kama wiki 6 kabla ya kuvunwa. Hilo ni shamba la mtu, haliko "baharini tu". Pita kando ya safu, usiruke kamba. Ukikanyaga unakata vichane na vinasombwa. Salimia kwanza, omba ruhusa kabla ya picha, na kama mnataka kuelezwa kazi, lipeni mwenye shamba mwenyewe. Ana saa 3 hivi tu za kufanya kazi kabla maji hayajarudi, na nusu saa ya kukuelezea anaitoa humo. Wengi huuza sabuni ya mwani nyumbani, ni zawadi nyepesi kubeba kuliko vinyago.

Gati_Namba_Moja

Boti. Kwenda ni kama saa mbili. Kusi linavuma kutoka kusini, kwa hiyo mkienda Unguja mawimbi yanawasukuma kwa nyuma, mkirudi Dar boti inayapiga kwa pua. Watu hujiandaa kwa safari ya kwenda na kuumwa ya kurudi. Rudini na boti ya kwanza ya asubuhi, upepo haujapanda bado. Ya alasiri mwezi wa Juni mwachieni asiye na mzee.

Bibi akae sitaha ya chini, katikati kuelekea nyuma, mbali na dirisha la mbele. Wanaokimbilia viti vya mbele vya juu kwa ajili ya kuona ndio wanaoshika mifuko ya kutapikia. Dawa ya kichefuchefu anywe dakika 30 hadi 60 kabla ya kuondoka. Akiinywa bahari imeshaanza haimsaidii sana. Asipande na njaa, wala asishibe chapati na maharage. Kama ana presha au sukari, dawa hiyo aulize mfamasia, usimnunulie tu.

Tiketi nunueni kwenye dirisha la kampuni au kwenye mtandao wao. Nje ya gati mtafuatwa na vijana wenye mabegi ya kiunoni, wakisema boti imejaa na wao wana nafasi. Majina kwenye tiketi yalingane na vitambulisho, na watoto wabebewe vyeti vya kuzaliwa. Fikeni saa nzima kabla, kuna ukaguzi wa mizigo. Mkishuka gatini Malindi, hapo Unguja, mtakutana na mapapasi, vijana wanaotafuta wageni wa kuwapeleka hotelini. "Ahsante, tunapokelewa" inatosha, msisimame kujieleza. Mifuko ya nailoni acheni Dodoma.

Kima_na_Mikoko

Kwa wanyama msikose msitu wa Jozani. Kima punju hapatikani popote duniani isipokuwa visiwa vya Zanzibar, na Jozani amezoea watu kiasi kwamba huhitaji darubini. Waonyesheni watoto mikono yake: hana kidole gumba cha maana, anashika tawi kwa vidole vinne kama ndoano. Mkibahatika mtamwona anatafuna mkaa. Majani ya mkungu na mwembe yana sumu inayosumbua tumbo, na mkaa unaipunguza.

Nendeni asubuhi saa 2 hadi 4 au alasiri kuanzia saa 9. Mchana wa jua wamelala juu na mtaishia kuona mikia. Kaeni umbali wa mita 3 hata kama wenyewe wanawasogelea, na mwenye mafua abaki nyuma, maana maradhi yetu huwapata. Hakuna kulisha. Vaeni suruali ndefu na soksi. Baada ya masika msituni kuna mbu. Goti la bibi lisiwatie shaka: kima wengi huwa upande wa pili wa barabara, mahali tambarare, na kwenye mikoko kuna daraja la mbao. Mbao zikiwa na unyevu zinateleza, hapo ndipo pa kumshika mkono.

Jozani iko njiani kutoka mjini kwenda Jambiani. Msiifanye safari ya peke yake, mtalipa gari mara mbili. Daladala 309 inapita hapo hapo, ila kwa watu watano na mabegi kodini noah, mkubaliane kabla ya kuingia ndani kwamba bei ina mafuta na saa mbili za kusubiri getini.

Pomboo wa Kizimkazi nitawaambia kweli: siupendi utaratibu wake ulivyo siku nyingi. Boti kumi zinazingira kundi moja, watu wanarushwa majini mbele yao, pomboo wanazama na kutokea mbali, wanakimbizwa tena. Mkiamua kwenda, ondokeni saa 12 na nusu kabla msafara haujafika, na mwambieni nahodha kabla ya kulipa: hatushuki majini, punguza moto ukiwaona, kaa ubavuni. Akicheka, tafuteni mwingine. Kila mtoto avae jaketi la kujiokolea linalombana, siyo la mtu mzima lililofungwa kwa kamba. Mkifika Kizimkazi Dimbani uko msikiti wenye maandishi ya Kikufi (mwandiko wa kale wa Kiarabu) ya mwaka 1107. Wengi wanaupita wakiwahi boti.

Kobe wa kisiwa cha Changuu nao wanafaa kwa watoto, dakika 20 hadi 30 kwa mashua kutoka mjini. Ila kupanda na kushuka ni kwa kukanyaga maji hadi magotini na ngazi ndogo ya mbao inayocheza. Bibi abaki mjini, bustani ya Forodhani, na mtu mmoja.

Barazani_MjiMkongwe

Bibi akibaki mjini hajakosa. Mji Mkongwe ni wa kutembea dakika kumi na kukaa kumi, baraza za mawe ziko kila kichochoro. Mpelekeni soko la Darajani asubuhi, kisha ale urojo mahali ambapo wenyeji wamepanga foleni, siyo penye menyu ya picha.

Forodhani usiku: ulizeni bei ya kila kitu kabla hakijawekwa kwenye moto, na msikubali sahani ya "mchanganyiko". Mishikaki ya samaki iliyokauka kingo na kupinda imeshapashwa zaidi ya mara moja. Pweza mwone akikatwa. Maji ya miwa ni salama zaidi kwenu kama barafu haimo.

Mkisogeza safari hadi Julai mtaangukia Mwaka Kogwa wa Makunduchi: wanaume wa pande mbili za mji wanapigana kwa migomba, kibanda cha makuti kinachomwa moto, kina mama wanaimba wamevaa kanga mpya. Na kwa desturi yao mwenyeji asiye na mgeni siku hiyo ana mkosi, kwa hiyo mtalishwa. Ila angalieni shule zinafunguliwa lini.

Vijijini bega na goti vifunikwe, nguo za kuogelea ni za ufukweni. Hilo pengine mnalijua.

MamaWawili_Dom

Nimeandika yote kwenye daftari. Tumeamua: tunafika mwezi 2, Jozani njiani, Jambiani usiku 2, Mji Mkongwe 1, Kendwa 3. Upepo umenitisha. Halafu mbona siku ya kurudi inanipa shida: kutoka Kendwa kuwahi boti ya kwanza tutaamka saa ngapi?

Gati_Namba_Moja

Saa 9 na nusu usiku, na watoto wamelala mabegani. Usifanye hivyo. Kendwa hadi gatini ni saa nzima na nusu kwa usalama, na saa nzima ya ukaguzi juu yake. Kendwa iwe kabla ya mji, usiku wa mwisho lala mjini karibu na Malindi. Unaamka saa 11, unatembea hadi gatini. Usiku wa Mji Mkongwe usogeze mwisho: siku ya kufika teremkeni botini moja kwa moja Jozani na Jambiani, kisha Kendwa, mji mtauona mwishoni.

Upepo_wa_Kusi

Na noah ya kutoka Kendwa ifike mjini mapema mchana, siyo magharibi. Barabara ya Mkokotoni jioni ina baiskeli zisizo na taa.

MamaWawili_Dom

Sawa. Jambiani 2, Kendwa 3, mjini 1. Napiga simu kesho kuuliza huo uzio wa makuti.