Msuluhishi ananisaidia ama ananilainisha?

MamaTatu, Arua
Wapendwa, mimi na mzee tunaachana baada ya miaka 12. Korti imetupeleka kwa msuluhishi kwanza, tumeshakaa mara mbili. Huyu baba ana mdomo wa asali! Nikisema "nyumba yangu", yeye anarudia "nyumba ya watoto". Mzee akifoka kwamba mimi mwizi, anamgeuzia: "Kwa hiyo una wasiwasi na hesabu za duka?" Na mzee anatulia kweli. Nilimpenda kwa hilo. Lakini juzi aliniita kando peke yangu: "Mama, mkirudi kwa jaji ni miaka, na mawakili watakula ploti." Nilitetemeka, nusura nisaini kuachia duka. Hiyo ni kazi yake, ama amekula chai ya mzee?

KaraniMstaafu
Pole dada. Kugeuza maneno makali ndiyo kazi yenyewe, na kuwaona mmojammoja ni kawaida. Ila lile neno la jaji lipime hivi: mzee naye ameambiwa? Kama ni wewe tu, hapo unasukumwa. Kukataa hakukuharibii kitu. Kwa kanuni za usuluhishi za korti zetu hapa Uganda za 2013, yanayosemwa mle ni siri, hayawi ushahidi kesi ikirudi. Kalamu ndiyo ya kuogopa: mkisaini na korti ikapokea, inakuwa hukumu. Omba karatasi ukalale nayo.
Katiba, ibara ya 31, inawapa haki sawa hata ndoa ikivunjika, lakini kwenye mali majaji huuliza nani alichangia nini, na kazi ya nyumbani imo. Andika yako yote kabla ya kikao.

BodaMzee
Msuluhishi wangu alisema "tuangalie mbele" mpaka nikasahau kuuliza ng'ombe 😂

Hajati_Bombo
Kwetu Qur'ani (4:35) inataka mwamuzi wa upande wa mume na wa upande wa mke. Wewe unaye mmoja tu, basi usiende peke yako. Na wa ukoo nao hushawishi, tena vibaya: "utatuaibisha". Afadhali anayekutajia jaji kuliko shangazi anayekutajia aibu.

MamaTatu, Arua
Asanteni. Nimempigia mzee kumuuliza. Kumbe naye aliambiwa mawakili watakula ploti, akabembelezwa aachie shamba! Tumecheka, mara ya kwanza tangu Krismasi. Duka siachii lakini. Jumatano naenda na dada yangu na daftari la mauzo.